Plasta ya vijisindano na hesabu ya watoto watano

Kwa zaidi ya miaka 25 sasa wanasayansi wamekuwa wakituonyesha kwamba dawa inaweza kuingizwa mwilini kwa plasta yenye vijisindano visivyofika milimita moja, bila bomba la sindano, bila kichupa na bila maumivu ya maana. Jambo hilo halibishaniwi tena. Linalobishaniwa, na ambalo magazeti yetu huligusa kwa nadra, ni la kiwandani: plasta hizo zitatengenezwaje kwa mamilioni, kwa gharama ambayo bajeti ya afya ya nchi kama yetu inaweza kuibeba, na nani atakubali kuzinunua kabla kiwanda hakijasimama. Ninaandika nikiwa Kigoma, mkoa ambao kwa ramani unaonekana kama umeumbwa kwa ajili ya teknolojia hii, na hoja yangu ni kwamba ramani hiyo hiyo ndiyo inayoifanya bei yake iwe ngumu kushuka.

Kwanza kifaa chenyewe. Kinachoizuia dawa kupenya kwenye ngozi ni tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, ambalo unene wake ni mikromita 10 hadi 20 tu. Kijisindano chenye urefu wa mikromita mia kadhaa hulitoboa tabaka hilo na kukomea kwenye ngozi hai, mahali penye wingi wa seli za kinga, pasipo kufika chini kwenye mishipa mingi ya fahamu. Wazo hili lilisajiliwa kwa hataza nchini Marekani mwaka 1976, lakini halikutekelezeka hadi mwaka 1998, watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech walipotumia mbinu za kuchonga silikoni zilizokuwa zimezoeleka katika viwanda vya vichipu vya kompyuta. Tangu hapo aina zimeongezeka, na iliyobeba matumaini zaidi ni ile inayoyeyuka, ambayo vijisindano vyake hufinyangwa kwa sukari na polima zinazokubalika mwilini, dawa ikiwa ndani yake. Baada ya dakika chache ncha zimekwisha kuyeyuka, na kinachobaki mkononi ni kipande cha plasta kisichoweza kumchoma mtu. Si kila dawa inafaa, kwa sababu plasta ndogo hubeba dozi za mikrogramu au miligramu chache tu, hivyo kidonge cha miligramu 500 kitaendelea kuwa kidonge. Chanjo, ambazo dozi zake ni ndogo mno, ndizo zinazokaa vizuri humo.

Ushahidi mzito kuhusu chanjo za watoto umetoka Afrika. Nchini Gambia, watafiti wa kituo cha MRC, baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, waliijaribu plasta ya surua-rubela ya kampuni ya Marekani iitwayo Micron Biomedical kwa watu wazima 45, watoto 120 wa miezi 15 hadi 18 na wachanga 120 wa miezi 9 hadi 10, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024. Miongoni mwa wachanga hao, plasta iliamsha kinga ya surua kwa asilimia 93 na sindano ya kawaida kwa asilimia 90. Kwa rubela, zote mbili zilifika asilimia 100. Ni jaribio dogo, la hatua za mwanzo, na halikukusudiwa kujibu suala la bei.

Suala la bei linajibiwa kwingine. Tuangalie mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza, katika kata kama Sigunga, Buhingu na Kalya, ambako vijiji kadhaa hufikiwa kwa boti kwa urahisi kuliko kwa gari. Siku ya huduma ya mkoba muuguzi hushuka ufukweni na kibebeo cha chanjo chenye vipande vya barafu, boksi la kutupia sindano na daftari lake. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. Huchanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa ina saa 6 tu za kutumika, kisha iliyobaki humwagwa. Kwenye benchi wamekaa akina mama watatu na kadi zao za kliniki. "Tusubiri kidogo, mama, wakifika wengine nafungua," muuguzi anasema, na mmoja wao anamjibu, "Dokta, mimi natoka ng'ambo ya mto, kusi ikianza kuvuma sirudi leo." Ushauri wa kitaalamu ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini atakayeulizwa mwisho wa mwezi kuhusu dozi zilizomwagwa ni muuguzi huyu, si aliyeandika ushauri.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Tuchukulie dozi moja ndani ya kichupa cha dozi 10 inagharimu shilingi 2,000, yaani kichupa kizima shilingi 20,000, na plasta moja inagharimu shilingi 4,000. Ghalani plasta inaonekana ghali maradufu, na mhasibu yeyote ataikataa. Ufukweni, kichupa kikifunguliwa kwa watoto watatu, kila mtoto amegharimu karibu shilingi 6,700 kabla hatujahesabu mabomba ya sindano na taka zake, ilhali plasta tatu ni shilingi 12,000 jumla. Watoto wakiwa watano, hesabu zinalingana. Wakiwa tisa, plasta imekwisha kushindwa vibaya. Kwa hiyo katika kliniki ya mjini Kigoma au Tabora, ambako akina mama hujaa mabenchi tangu saa mbili asubuhi, kichupa kitaendelea kuwa rahisi kuliko plasta kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kukionea aibu. Plasta inastahili pale watoto wanapokuja wachache wachache.

Hapo ndipo penye ugumu ambao watetezi wa teknolojia hii hawapendi kukaa nao. Bidhaa ya kiwandani hushuka bei inapotengenezwa kwa wingi, na hii inafaa zaidi mahali penye wahitaji wachache. Ukiipeleka vijijini peke yake, idadi ni ndogo na bei inabaki juu. Ukitaka idadi kubwa, itabidi uipeleke hata mjini, ambako ni hasara. Njia ya kutokea ipo, nayo nitaifikia, lakini kwanza inabidi tujue gharama za kiwandani zinatoka wapi, kwa kuwa dhana iliyozagaa kwamba ni kifaa cha kisasa na kwa hiyo malighafi yake ni ghali haina msingi. Sukari na polima za plasta moja ni kiasi kidogo sana, na thamani yake haifiki hata ya pipi.

Mbinu iliyozoeleka ni ya kalibu. Huchongwa kwanza umbo mama, kwa leza, kwa mashine ya kuchonga vitu vidogo sana au kwa mbinu za vichipu, kisha kutokana na umbo hilo hupatikana kalibu za mpira wa silikoni zenye vishimo vya vijisindano. Mchanganyiko wa dawa humiminwa juu yake. Lakini kimiminika kizito hakiingii chenyewe kwenye kishimo chenye kina cha mikromita mia chache, kwa kuwa hewa iliyomo haina pa kutokea. Hivyo maabara hulazimika kuinyonya hewa hiyo kwa pampu au kuzungusha kalibu kwa kasi kubwa ili kimiminika kisukumwe hadi kwenye ncha. Hatua hiyo hufanyika fungu kwa fungu, na ndiyo inayokwamisha kiwanda kinachotaka mstari usiosimama.

Baada ya kujaza, huja kukausha. Aliyewahi kuwatazama vijana wanaofyatua tofali Kasulu anajua kwamba kufyatua ni kazi ya asubuhi moja, kukausha ndiko kunakokula siku, na ukiharakisha kwa jua kali tofali hupasuka. Plasta nayo huhitaji saa nyingi za kukauka taratibu. Ukiongeza joto, virusi hai vya chanjo ya surua hufa, na ukikausha kwa kasi isiyo sawa, ncha hupinda au plasta hujikunja. Kila saa ya kukausha maana yake ni rafu zaidi, chumba kikubwa zaidi cha hewa safi, na umeme zaidi wa kukiendesha chumba hicho. Watu hufikiri kwamba gharama iko kwenye kijisindano, kumbe iko kwenye mita za mraba za chumba ambamo kijisindano kinasubiri.

Kuna upotevu mwingine usioonekana kwa macho. Dawa ikichanganywa kwenye kimiminika chote, sehemu yake hubaki kwenye kitako cha plasta, ambacho hakiingii mwilini, na katika chanjo kilicho ghali ni kiini chenyewe. Ndiyo maana watengenezaji makini hujaza ncha peke yake kwa matone madogo yanayopimwa na mashine, kisha humimina kitako kisicho na dawa. Watafiti wa Korea Kusini walikwenda mbali zaidi mwaka 2013 kwa kuacha kabisa kalibu: tone lenye dozi kamili huwekwa juu ya bamba, bamba la pili hushushwa hadi kuligusa, huvutwa tena juu kidogo ili tone lirefuke, kisha hewa hupulizwa hadi likauke katika umbo la sindano, yote katika takriban dakika 10 na bila joto kubwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo mbinu iliyoelewa tatizo, kwa sababu imeua kwa pamoja kero ya kujaza, ya kukausha na ya dozi inayobaki kwenye kitako, ingawa maumbo ya sindano inayoweza kuyatoa ni machache kuliko ya kalibu.

Njia nyingine ni kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma, kama zinavyotengenezwa bidhaa nyingi za plastiki tunazozijua, kila mzunguko ukichukua sekunde chache, kisha vijisindano hivyo vya plastiki hupakwa dawa juu yake. Kwa kasi na bei hakuna inayoishinda. Lakini ncha haziyeyuki, kwa hiyo taka zenye makali zinarudi, na mtoa chanjo wa Buhingu anarudi kubeba boksi lake la usalama kwenye boti.

Wapo waliopendekeza kwamba tuache viwanda vikubwa na tuzichape plasta karibu na mgonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, wakiwemo Ana Jaklenec na Robert Langer, walieleza mashine inayotosha juu ya meza, ambayo huchapa plasta za chanjo ya Uviko-19 ya aina ya mRNA, ile inayoupa mwili maelekezo ya kuitambua virusi, na chanjo hiyo ilidumu angalau miezi 6 katika joto la kawaida la chumba. Ni kazi ya kuvutia. Mashine hiyo iliweza kutoa plasta 100 kwa saa 48, yaani 50 kwa siku, na isiposimama hata siku moja ni kama 18,000 kwa mwaka. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, na kila mmoja anatakiwa kupata surua-rubela mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Kwa plasta milioni 4 tungehitaji mashine zaidi ya 200 za namna hiyo, kila moja na mtaalamu wake na ukaguzi wake. Kwa haki, waliibuni kwa ajili ya milipuko, mahali ambapo plasta elfu chache zinazopatikana haraka zina thamani kuliko milioni zinazochelewa, na kwa kazi hiyo ningeitaka hata kesho. Kwa chanjo za kila siku haifai.

Gharama ambayo haijapata jibu ni ya usafi. Dawa nyingi za sindano husafishwa kwa kupitishwa kwenye chujio laini lenye matundu ya mikromita 0.22 kabla ya kujazwa vichupani. Plasta iliyokwisha kukauka haichujiki, na chanjo hai ya surua haivumilii mionzi ya kuua vijidudu, hivyo mstari mzima, tangu kimiminika hadi pakiti, unapaswa kuendeshwa katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote. Wapo wanaojenga hoja kwamba kijisindano kifupi kinachopita kwenye ngozi ambayo yenyewe ina bakteria hakihitaji usafi wa kiwango cha sindano ya mshipani, na kwamba kuweka kikomo kidogo cha vijidudu kungetosha. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ninawaelewa wadhibiti wanaosita, kwa maana wanaochanjwa ni watoto wazima wa afya, na kosa moja lingeharibu imani ya miaka mingi. Hata hivyo kusita bila kuamua nako kuna bei: mwekezaji asiyejua kama atajenga chumba cha kiwango cha juu kabisa au cha wastani hujenga cha juu, au hajengi kabisa. Mamlaka yetu ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, ina hadhi ya kutosha kukaa kwenye meza inayoamua jambo hili badala ya kusubiri kuletewa uamuzi.

Soko la dawa halijawa na huruma kwa waliotangulia. Kampuni ya Marekani ya Zosano ilitengeneza plasta ya kutibu kipandauso, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikakataa kuiidhinisha kwa maswali yaliyohusu tofauti za viwango vya dawa kwenye damu, na mwaka 2022 kampuni ikafilisika. Wakati huohuo viwanda vya Japani na Korea Kusini vinauza plasta za vijisindano vya kulainisha ngozi, vinavyoyeyuka kama vile vya chanjo, kwa wanunuzi wa kawaida madukani. Kutengeneza kwa wingi kunawezekana, basi, pale mnunuzi alipo na masharti ya usafi ni mepesi. Mikunjo ya uso imepata kiwanda kabla ya surua, na sidhani kama hilo linamshangaza mtu.

Ulinganisho ninaouona wa maana zaidi ni wa ndui. Sindano ya ncha mbili iliyobuniwa na Benjamin Rubin katika kampuni ya Wyeth miaka ya 1960 ilikuwa kipande cha chuma kisicho na sehemu inayosogea. Kilibeba tone moja kati ya ncha zake, kikaokoa chanjo kwa kuhitaji robo ya kiasi cha awali, na mtu aliweza kufundishwa kukitumia kwa muda mfupi sana. Wyeth haikudai mrabaha kwa matumizi ya Shirika la Afya Duniani. Urahisi wa kifaa hicho ulitokana na umbo lake na mkataba wake tangu mwanzo, haukusubiri soko likue. Plasta ya surua inayohitaji kibonyezeo chenye springi, pakiti ya tabaka nyingi na hataza tano za wamiliki tofauti imekwisha kukosea njia kabla ya kufika kiwandani. Plasta ya Gambia, kwa sifa yake, hubonyezwa kwa kidole gumba mpaka ilie kidogo kuashiria kwamba imeingia.

Narudi kwenye mkwamo wa idadi. Vijiji vyenye watoto wachache kwa kila siku ya chanjo haviko Uvinza peke yake. Viko Kaliua na Sikonge, katika misitu ya miombo ya Tabora ambako wafugaji na warina asali hukaa mbalimbali. Viko ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, ambako mlipuko wa surua uliotangazwa mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000. Viko Sahel na kwenye visiwa. Soko la plasta linapaswa kushonwa kutokana na pindo hizo za nchi nyingi, na mnunuzi mmoja asimame kwa niaba yao akitoa ahadi ya miaka kadhaa. Fedha ya kuanzia imeanza kuonekana: mwaka 2023 taasisi ya Gates iliipa Micron dola milioni 23.6 kwa ajili ya uwezo wa kuzalisha, na Juni 2024 Gavi, ubia wa kimataifa unaofadhili chanjo, ilizindua mpango wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka 10 wa kuwavutia watengenezaji wa chanjo Afrika. Wasiwasi wangu ni kwamba bara hili litatumia fedha hizo kujenga mistari ya kujaza vichupa, kazi ambayo plasta haina haja nayo.

Tanzania ina funzo la pande mbili. Mwaka 2003 kampuni ya A to Z ya Arusha ilipewa na Sumitomo Chemical ya Japani teknolojia ya vyandarua vya Olyset bila mrabaha, na kwa kuwa wafadhili wa kimataifa walikuwa wananunua, kiwanda kikakua. Kwa upande mwingine, kiwanda cha Kibaha cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kilikamilika kikiwa hakina mnunuzi wa uhakika, hata Juni 2017 Rais John Magufuli akaziagiza halmashauri zinunue dawa yake. Kwa hiyo simshauri mtu aanze na kiwanda cha plasta kamili. Pakiti za kuzuia unyevu na vitako vya plastiki vinaweza kutengenezwa na viwanda tulivyonavyo sasa, na kuviomba viwemo kwenye mkataba wa ununuzi ni ombi la kawaida la kibiashara.

Atakayepinga atasema kwamba fedha hizo zingenunua majokofu ya sola na mafuta ya boti, na kwamba plasta haipunguzi umbali wa Kalya hata kidogo. Ni kweli kuhusu umbali. Pia pakiti ya plasta moja moja huchukua nafasi kubwa kuliko dozi moja ya kichupa, kwa hiyo kama haitavumilia joto siku kadhaa nje ya jokofu itajaza kibebeo bila faida. Sharti la kuvumilia joto linapaswa kuandikwa mbele ya sharti la bei.

Kabla ya hayo yote wizara inaweza kufanya kazi moja isiyohitaji mfadhili. Kila kituo hujaza idadi ya vichupa vilivyofunguliwa na idadi ya watoto waliochanjwa. Takwimu hizo zikichambuliwa kituo kwa kituo, Kigoma na Tabora zikiwa za kwanza, zitaonyesha ni siku ngapi za huduma ya mkoba zilizopata watoto chini ya watano. Idadi hiyo, ikizidishwa kwa mwaka na kuunganishwa na ya jirani zetu, ndiyo mtengenezaji anayotaka kuisikia kabla hajaagiza kalibu.